Altrasaundi inasema nyama, CT inasema maji: tumwamini nani?

Shikamoo Sista,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nina miaka 34, wa tatu kuzaliwa kwetu. Naandika kwa ajili ya mama. Ana miaka 66, anaishi Kibosho, na mpaka juzijuzi alikuwa anashuka mwenyewe na ndizi zake kwenda kuuza Mbuyuni na kurudi kabla jua halijawa kali.

Mwezi wa pili alianza kulalamika kwamba akila kidogo tu tumbo linajaa. Nikampeleka kituo kimoja cha binafsi mjini apigwe altrasaundi, nikijua ni vidonda vya tumbo au mawe ya nyongo. Aliyempima alirudiarudia kupitisha kile kifaa chini ya kifua, akanyamaza, halafu akaniita pembeni. Karatasi iliandika uvimbe wa nyama kwenye kichwa cha kongosho, sentimita 4.6. Neno saratani lilikuwepo, na alama ya kuuliza mbele yake. Mama alipouliza, tukamwambia ni gesi.

Tukaenda hospitali nyingine akapigwa CT, ile picha ya mionzi ya kuchomwa dawa kwenye mshipa. Majibu yakaja mengine kabisa. Hawa wanasema siyo nyama, ni vifuko vidogo vidogo vya maji vilivyoshikana kama sega la nyuki, katikati pana kovu lenye chokaa, na mrija wa kongosho haujatanuka. Mwisho wameandika kuwa yaelekea ni uvimbe usio wa saratani, ila wanashauri uchunguzi zaidi. Kipimo cha damu kinachoitwa CA 19-9 kimetoka 52, na karatasi inasema mwisho ni 37.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Kaka yetu mkubwa yuko Dar, anasema hospitali mojawapo inatudanganya, na dawa ni kumpeleka mama India akakatwe. Ameshaanza kumtafuta mtu wa kununua kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo. Shangazi anasema uvimbe ukiguswa na chuma unaamka, na ameleta dawa ya unga kutoka Himo mama anywe na supu. Mdogo wangu naye anauliza, kama ni maji tu, kwa nini wasiyanyonye kwa sindano yaishe?

Mama mwenyewe anatuangalia tu. Jana kaniuliza kwa nini siku hizi tukitaka kuongea na simu tunaingia migombani.

Sista, kipimo kipi ni cha kweli? Sindano ina ubaya? Na mama tumwambie nini?

Binti wa Kibosho

*

Marahaba mwanangu. Pole, na umpe pole mama, hata kama bado mnajifanya hana kitu.

Ujue kwanza unaongea na nani. Mimi ni muuguzi mstaafu, si daktari, na picha za mama sijaziona. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, nimewaona wagonjwa wa kongosho wa kila namna, na ninachokuandikia ni cha kukusaidia kwenda kuuliza vizuri. Jibu la mwisho liko kwa watakaoziweka picha zake kwenye kioo.

Nianze na kaka yako, maana ndiye mwenye haraka. Mwambie hakuna hospitali iliyodanganya. Chukua beseni, weka maji na sabuni ya unga, yapige mpaka yatoe povu. Povu lile ni maji na hewa, vitu viwili unavyoona upande wa pili. Lakini ukilitazama ni jeupe, zito, huoni kitu ndani yake. Kinachokuzuia ni kuta nyingi nyembamba za vile vipovu, kila ukuta unarudisha mwanga. Altrasaundi nayo inafanya kazi kwa sauti inayokwenda na kurudi. Ikikutana na kifuko kimoja kikubwa cha maji, inapita na kuonyesha weusi safi, na kila mtu anasema haya ni maji. Ikikutana na vifuko mamia vya milimita chache chache, kila ukuta unarudisha sauti, na kwenye skrini linatokea donge jeupe kama nyama. Aliyempima mama aliandika alichokiona. Ongeza na hili, kwamba kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na gesi ikiwepo mbele yake hata mtaalamu hodari anachungulia kama kwenye ukungu wa asubuhi wa kwenu huko juu. CT ya dawa ndiyo imeingia ndani ya lile povu ikaona vyumba.

Kwa hiyo kati ya karatasi mbili ulizonazo, ya pili ndiyo nzito. Maneno matatu ndani yake yana thamani kuliko yote mliyoyabishania kwenye simu. La kwanza ni sega la nyuki, la pili kovu lenye chokaa katikati, na la tatu ni kwamba mrija haujatanuka. Kovu la namna hiyo halionekani kwa kila mgonjwa, ila likionekana katikati ya sega, daktari wa picha hufikiria kwanza uvimbe unaoitwa sistadenoma ya maji mepesi. Huo siyo saratani, na kugeuka kuwa saratani ni jambo la nadra mno, kiasi kwamba kila anapopatikana mgonjwa wa hivyo madaktari humwandika kwenye majarida.

Madaktari wana utani wao kuhusu uvimbe wa kongosho kwa wanawake, wanaugawa kwa rika: wa binti, wa mama na wa bibi. Wa binti huwapata wasichana na wanawake vijana, una nyama na maji pamoja, na huondolewa. Wa mama huja zaidi kwenye miaka ya 40 na 50, hukaa upande wa mkia wa kongosho, ndani una ute mzito, na huo hauachwi hivihivi kwa sababu baada ya miaka unaweza kugeuka. Wa bibi ndio huu wa maji mepesi, wa wanawake waliovuka 60. Mama yako ana wajukuu?

Sasa kwa nini waliandika yaelekea, wasiandike ndivyo? Kwa sababu ni waungwana. Kwenye kongosho vitu vingi huvaa nguo zinazofanana. Kuna uvimbe unaoota ndani ya mirija yenyewe na kutoa ute, ambao nao unaweza kuonekana kama zabibu zilizoshikana, na ndiyo maana wanaangalia kama kifuko kimeungana na mrija. Kuna sisti bandia, yaani kifuko bandia, ambayo si uvimbe wa kuota hata kidogo. Ni maji ya kongosho yaliyovuja na kujijengea ukuta baada ya kongosho kuungua kwa pombe, kwa jiwe la nyongo, au kwa kipigo cha tumboni kama kile cha usukani wa bodaboda.

Halafu wapo wageni adimu. Kuna bandama dogo la ziada ambalo mtu huzaliwa nalo ndani ya mkia wa kongosho, likaja kuweka kifuko cha maji. Kuna familia ambazo ugonjwa wa kurithi huwawekea vifuko kwenye kongosho na pia uvimbe kwenye figo, macho au ubongo. Na kuna sisti ya limfoepitheli, ya wanaume watu wazima zaidi, ambayo haina madhara kabisa.

Hii ya mwisho siisahau. Alikuja kwetu mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, ana donge kwenye mkia wa kongosho na CA 19-9 imepanda. Kila aliyemwona alisema kansa. Akauza mifugo, akafanyiwa operesheni, wakatoa mkia wa kongosho pamoja na bandama. Mimi ndiye niliyeshika sinia. Daktari alipolipasua lile donge juu ya sinia, hakukutoka damu wala maji, kilitoka kitu cheupe kinachokatika kama mtindi uliokaa siku nyingi. Chumba kizima kilinyamaza. Majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yalirudi wiki kadhaa baadaye: limfoepitheli, kitu ambacho kingeweza kukaa pale mpaka mzee afe kwa uzee wake. Alipona vizuri, lakini sukari ilipanda na haikushuka tena, na sindano yake ya kwanza ya insulini nilimchoma mimi. Siwalaumu waliomkata. Kwa picha waliyokuwa nayo mkononi na namba ile ya damu, wengi wangekata. Ila tangu siku ile mtu akinionyesha CA 19-9 iliyopanda kidogo, sishtuki kabla sijauliza maswali mengine.

Hiyo 52 ya mama basi. CA 19-9 siyo kipimo cha kusema una kansa au huna. Hupanda nyongo ikiziba, kongosho likiungua, hata sukari isipodhibitiwa, na hupanda kwa sisti zisizo na madhara kama ile ya mzee wangu. Na wapo watu ambao kwa damu waliyozaliwa nayo hawaitengenezi kabisa, hata wakiwa na saratani inabaki chini. Ingekuwa mia nyingi na macho ya njano ningekwambia mengine. Kutoka 37 kwenda 52 ni jambo la kurudia kupima, tena pamoja na vipimo vya ini na sukari ya asubuhi kabla hajala. Si jambo la kuuzia shamba.

Mdogo wako na sindano yake. Ana hoja, lakini anafikiria puto, na mama ana sega. Sega huwezi kulikausha kwa kulitoboa mara moja. Kila chumba kina tone lake, na mara nyingi sindano hutoka na damu kidogo au hutoka kavu.

Lipo jingine la kutisha zaidi. Ungeniandikia kutoka Longido au Ngorongoro ningeanza na mbwa. Kuna mnyoo wa mbwa ambaye mayai yake mtu akiyameza humwekea vifuko vya maji mwilini, unaitwa ugonjwa wa hidatidi, na wafugaji wetu wa huku kaskazini wanaufahamu, kwa sababu mbwa hula mapafu na maini yanayotupwa kondoo akichinjwa. Mara nyingi vifuko hivyo hukaa kwenye ini, kisha mapafu. Kwenye kongosho ni nadra sana, lakini hufika. Kifuko cha namna hiyo kikitobolewa ovyo, maji yake yakimwagika tumboni, mtu anaweza kupata mzio wa kumuua palepale mezani, au mbegu zikasambaa zikaota upya. Kwa hiyo hakuna sindano kabla ya kujua mgonjwa ametoka wapi na ameishi na nini. Sega la mama halifanani na hidatidi, lakini swali la mbwa na kondoo ni la sekunde kumi, liulizwe.

Sindano ina mahali pake pale picha zinapobaki na utata. Haichomwi kutoka nje. Mgonjwa humezeshwa mpira wa kamera ambao nchani una altrasaundi ndogo, na sindano nyembamba hupitishwa kwenye ukuta wa tumbo la chakula au wa utumbo wa kwanza mpaka kwenye kifuko. Maji hayo hupelekwa maabara. Amilesi, kimeng'enya cha kongosho cha kusaga chakula, ikiwa nyingi, inaelekeza kwenye sisti bandia au uvimbe uliofungana na mrija. Ikiwa kidogo, sisti bandia inaondoka kwenye orodha. CEA, protini inayopimwa kwenye maji hayo, ikizidi nanogramu 192 kwa mililita, wanashuku uvimbe wa ute. Kwenye maji mepesi huwa chini sana, aghalabu haifiki 5. Na kitu ambacho hunifurahisha kila nikikieleza: wanapima pia sukari ya yale maji, na mashine ileile ndogo ya kutoboa kidole inaweza kutumika. Kifuko cha ute huwa na sukari ndogo, chini ya milimoli 2.8 kwa lita. Cha maji mepesi huwa na sukari karibu na ile ya damu. Lakini kamera ya namna hiyo haipo kila mahali, na kabla yake kuna MRI, picha ya sumaku, ambayo huonyesha maji na mirija vizuri kuliko kipimo kingine chochote cha nje, bila mionzi. Hiyo ndiyo ningeiuliza kwanza.

Nimebaki na India na kihamba. Uvimbe wa mama uko kwenye kichwa cha kongosho. Operesheni ya hapo inaitwa Whipple, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1935. Hukatwa kichwa cha kongosho, utumbo wa kwanza, kifuko cha nyongo na sehemu ya mrija wake, mara nyingi na kipande cha tumbo la chakula, kisha vyote huungwa upya. Hata kwenye hospitali zinazoifanya kila wiki, katika kila wagonjwa 100 wapo wachache wasiorudi nyumbani, na wanaorudi wengi hupata kuvuja, sukari, au chakula kukataa kusagika. Kwa saratani, hatari hiyo inalipa. Kwa uvimbe wa bibi usiosumbua, hailipi hata kidogo. Miongozo ya madaktari wa Ulaya ya mwaka 2018 inasema uvimbe wa maji mepesi usio na dalili ufuatiliwe mwaka mmoja, baada ya hapo mgonjwa aangaliwe kwa dalili tu. Hukatwa pale unapobana mrija wa nyongo, tumbo au mishipa mikubwa, au pale madaktari wanaposhindwa kuutofautisha na ule mbaya.

Hapo kuna swali moja la kweli, na nimeliona kwenye barua yako ukalipita haraka. Mama akila kidogo anajaa. Je, ni ule uvimbe unaosukuma tumbo, au ana vidonda vyake vya kawaida pembeni na uvimbe umeonekana kwa bahati tu? Hilo ndilo linaloamua kama ni wa kusumbua au wa kuacha, na hakuna karatasi mliyonayo inayolijibu. Kamera ya kawaida ya tumbo ingesaidia.

Kwa hiyo chukueni rufaa mwende KCMC, hospitali ya rufaa hapo Moshi, maana mmekaa mlangoni kwake, na mwombe kitu kimoja kwa jina lake: daktari wa upasuaji na daktari wa radiolojia wazitazame picha pamoja. Karatasi ya majibu haitoshi. Rudi ulikopigia CT uombe picha zenyewe kwenye CD, na usikubali kuambiwa majibu si unayo. Anayesoma karatasi anasoma macho ya mtu mwingine. Nimeona wagonjwa wanarudishwa kulipia CT upya kwa sababu tu CD ilibaki kwenye droo. Na kabla ya kuchomwa ile dawa ya mshipani mara nyingine, figo zipimwe.

Ile unga ya shangazi isimame kwanza, na mpeleke pakiti yake kwa daktari. Shangazi usigombane naye. Mwambie chuma hakijaguswa na bado hakuna aliyesema kitaguswa, mtaelewana.

Wakati mnasubiri, macho yakianza kuwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi na choo kikapauka, au maumivu makali ya tumbo yakatoboa mpaka mgongoni na kutapika, au anakonda hivi hivi, msingoje tarehe ya kliniki.

Na mama. Mwanangu, mama anajua. Mwanamke aliyelea watoto wanne au zaidi hadanganyiki na watu wanaojificha migombani. Lakini hata tukiacha heshima yake, mnajiharibia wenyewe. Daktari atauliza mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Je, aliwahi kuumwa tumbo siku tatu mfululizo mpaka akalazwa, labda kabla hujazaliwa? Aliwahi kuanguka na mkungu, au kupigwa teke na ng'ombe? Mbege anakunywa kiasi gani, na siyo kiasi anachokwambia wewe mwalimu? Alipoolewa, kwao walifuga mbwa na kondoo? Kuna ndugu yake aliyetolewa figo, au aliyepofuka akiwa kijana? Mtamwulizaje hayo mtu mliyemwambia ana gesi? Majibu yake yana uzito sawa na CT.

Kaa naye wewe, si kaka, jioni mkimenya ndizi za mtori. Mwambie kuna kifuko cha maji kwenye kongosho, kwamba kwanza walidhani kibaya, sasa wanaona si kibaya, na wanataka kuhakikisha. Hivyo tu, ndiyo ukweli wenyewe mlionao. Akikasirika kwa kufichwa, mwache akasirike.

Siku ya kwenda, ile bahasha ya kaki yenye CD mpe aibebe mwenyewe.

Sista